Nani alikaribia kuwa Rick? Waigizaji wa Casablanca na njia walizopita

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha sekondari hapa Tanga, na kila Ijumaa jioni tunawaonyesha wanafunzi filamu za zamani. Mwezi ujao ni zamu ya Casablanca. Nimesikia mengi yanayopingana: kwamba Ronald Reagan ndiye aliyepewa kwanza nafasi ya Rick, kwamba George Raft aliikataa akajuta maisha yake yote, kwamba mpiga piano hakujua kupiga piano. Lipi la kweli? Jambo jingine ni ile sehemu ya wimbo wa taifa wa Ufaransa. Sijui Kifaransa hata neno moja, lakini kila nikiitazama machozi yananitoka. Wale waigizaji walikuwa hodari kiasi hicho?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na Reagan kwa sababu jibu lake ni fupi. Swali lako la mwisho ndilo nitakalolikalia, maana tangu nianze kukaa kwenye meza ya usaili wa tamthilia, miaka mingi sasa, hakuna filamu iliyonifundisha kuhusu kugawa nafasi kama hii.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona: ni Desemba 1941, mjini Casablanca, Moroko, chini ya serikali ya Kifaransa iliyowapigia magoti Wajerumani. Wakimbizi wa Ulaya wamekwama pale wakisubiri viza ya kwenda Lisbon na kutoka hapo Marekani. Rick, Mmarekani mwenye baa, anajifanya hajali la mtu. Siku moja anaingia Ilsa, mwanamke aliyempenda Paris akamwacha bila neno, na yuko na mumewe, Victor Laszlo, kiongozi wa upinzani dhidi ya Wanazi.

Reagan hakuwahi kupewa nafasi ya Rick. Filamu ilitokana na tamthilia ya Murray Burnett na Joan Alison ambayo ilikuwa bado haijapanda jukwaani. Ilifika Warner Bros. kusomwa tarehe 8 Desemba 1941, siku moja baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, na muda mfupi baadaye studio ikainunua kwa dola 20,000. Mapema Januari 1942 idara ya matangazo ikatoa habari magazetini kwamba Ann Sheridan, Ronald Reagan na Dennis Morgan ndio watakaoigiza. Wakati huohuo studio ilikuwa inajiandaa kuingiza sokoni filamu nyingine, Kings Row, yenye Sheridan na Reagan ndani yake. Majina yao yalitakiwa kusikika, na habari yoyote ilifaa kuwabeba. Zaidi ya hapo Reagan alikuwa ofisa wa akiba wa jeshi. Studio ilikuwa ikimwombea aahirishiwe kuitwa kazini, na Aprili mwaka huo akaitwa. Taarifa ile ndogo ya magazeti ingesahauliwa kama asingekuja kuwa Rais wa Marekani.

Habari ya Raft nayo imegeuzwa kichwa chini. Ni kweli aliwahi kukataa High Sierra na The Maltese Falcon, na zote mbili zikaangukia mikononi mwa Humphrey Bogart na kumpandisha. Ndiyo maana watu wakaiongeza na hii iwe ya tatu. Lakini memo za ofisini zimehifadhiwa. Tarehe 14 Februari 1942 prodyuza Hal Wallis alikuwa ameshaagiza Bogart ahesabiwe kwa ajili ya Casablanca. Tarehe 2 Aprili bosi wa studio, Jack Warner, akamuuliza Wallis anaonaje wakimtumia Raft. Siku kumi na moja baadaye Wallis akajibu kwamba amezungumza na mwongozaji Michael Curtiz na wote wawili wanaona Raft hafai, na kwamba nafasi hiyo inamwelekea Bogart. Kwa hiyo safari hii aliyekataliwa ni Raft.

Utaona katika mambo haya yote jina la Wallis linarudi. Studio nyingi za enzi zile zilikuwa na waigizaji wa mshahara, wakipangwa kama askari wa zamu: leo wewe jambazi, kesho wewe daktari. Wallis alikuwa na subira ya kusema hapana. Alimwona Bogart, mtu wa miaka 42 aliyekwisha kufa katika filamu chungu nzima za majambazi, akaona ndani yake steringi wa mapenzi wakati wengine hawakuona. Wale mliokulia vibandani mkiambiwa steringi hafi mtaelewa lilikuwa kamari la namna gani, maana Bogart umaarufu wake ulitokana na kufa.

Kwa Ilsa hesabu ilikuwa ngumu zaidi. Katika tamthilia mhusika huyo ni Mmarekani. Alipogeuzwa kuwa mwanamke wa Ulaya, Sheridan akatoka. Hedy Lamarr alikuwa wa studio nyingine, MGM, na MGM haikutaka kumwazimisha. Michèle Morgan, Mfaransa, alifanyiwa majaribio ya kamera, lakini bei yake ilikuwa dola 55,000. Ingrid Bergman angepatikana kwa 25,000. Tatizo ni kwamba mkataba wake ulikuwa kwa prodyuza mwingine, David Selznick, na bila Selznick haendi popote. Bergman wakati huo alikuwa Rochester, kaskazini mwa jimbo la New York, mumewe akisomea udaktari, na mwenyewe anakereka kukaa bila kazi.

Wakatumwa mapacha wawili, Julius na Philip Epstein, waandishi wa skripti, wakamsimulie Selznick kisa. Wao wenyewe walikuwa hawajui kisa kinaishaje. Kwa masimulizi ya Julius, alizungumza mpaka maneno yakamwishia, akasema tu kwamba kutakuwa na mambo mengi ya aina ya Algiers, filamu iliyovuma miaka michache nyuma. Selznick akatikisa kichwa kukubali. Bergman akaazimwa, na Warner nao wakamwazimisha Selznick Olivia de Havilland. Watu wawili wazima wakabadilishanwa kama viti vya harusi, na huo ndio uliokuwa utaratibu halali wa Hollywood.

Sasa mpiga piano. Ni kweli, na kuna zaidi ya hilo. Dooley Wilson alikuwa mwimbaji na mpiga dramu, mzaliwa wa Tyler, Texas, aliyeongoza bendi yake Ulaya miaka ya 1920. Piano hakuijua. Unayoisikia ilipigwa na Elliot Carpenter, aliyekaa nje ya picha mahali ambapo Wilson angeweza kuiona mikono yake na kuifuatisha. Mtazame tena Ijumaa ukijua hilo: macho yake mara nyingi yako kwa Rick au kwa Ilsa, na mikono inajiendea.

Kabla yake Wallis aliwaza kumfanya Sam, yule mpiga piano wa kwenye kisa, awe mwanamke, na majina ya Hazel Scott, Lena Horne na Ella Fitzgerald yalipita mezani. Hata baada ya Wilson kupatikana, Wallis aliwahi kufikiria kuiondoa sauti yake na kumwekea ya mtu mwingine. Nikiisikiliza ile sauti leo, yenye mikwaruzo kidogo na isiyojikweza, nashukuru kwamba wazo hilo liliishia kwenye karatasi. Wilson naye alikuwa wa kuazimwa, kutoka studio ya Paramount. Warner walilipa dola 500 kwa wiki. Yeye mkononi alipata 350, nyingine ikabaki kwa waliomwazimisha. Mwigizaji wa meja wa Kinazi, Conrad Veidt, aliazimwa kwa dola 5,000 kwa wiki. Waambie wanafunzi wako takwimu hizi mbili pamoja. Mtu mweusi aliyebeba wimbo wa filamu nzima, na ambaye ni mmoja wa Wamarekani wachache sana waliomo, aligharimu sehemu moja ya kumi.

Hapo ndipo tunapoingia kwenye swali lako la machozi.

Majina ya waigizaji yanayopita mwanzoni mwa filamu ni kumi na manne. Kati yao waliozaliwa Marekani ni watatu tu: Bogart, Wilson na Joy Page, binti wa miaka 17 anayeigiza mke kijana kutoka Bulgaria. Page alikuwa binti wa kambo wa Jack Warner, na alikitendea haki kipande chake. Wengine kumi na mmoja walitoka kwingine. Claude Rains na Sydney Greenstreet walikuwa Waingereza waliokuja kikazi. Lakini wengi wa waliobaki, na wengi zaidi ambao majina yao hayakuandikwa kabisa, walikuwa wamekimbia Wanazi. Yaani walikuwa wakiigiza kitu ambacho mwaka mmoja au minne nyuma walikuwa wanakifanya kwa kweli: kupanga foleni ya viza, kuuza vito, kuhesabu siku.

Chukua Madeleine Lebeau, yule msichana Yvonne ambaye Rick anamtupa. Alikuwa anatimiza miaka 19 wakati wa upigaji picha. Juni 1940 alikuwa ametoka Paris na mumewe, Marcel Dalio, Wajerumani wakiwa karibu kuingia. Walifika Lisbon, wakapata viza za Chile, wakapanda meli ya Kireno, na ilipofika Meksiko ikabainika viza zile ni za bandia. Wakakwama mpaka Kanada ilipowapa hati za muda. Sasa soma tena muhtasari wa kisa cha Casablanca hapo juu.

Dalio mwenyewe yumo. Ni Emil, anayesimamia meza ya kamari ya Rick. Kule kwao alikuwa nyota mkubwa, mwigizaji wa mwongozaji mashuhuri wa Kifaransa, Jean Renoir. Wanazi walipoingia Paris walibandika picha yake kwenye mabango kuwaonyesha watu sura ya Myahudi ilivyo. Hollywood ikampa sentensi chache na haikuandika jina lake. Juni 1942, upigaji picha ukiendelea, aliwasilisha mahakamani ombi la talaka dhidi ya Lebeau, na wote wawili wakaendelea kuja kazini kwenye baa ileile ya mbao na plasta huko Burbank, California, kwenye studio za Warner.

Mwangalie mzee na mkewe wanaojifunza Kiingereza ili wajisikie wenyeji watakapofika Marekani, wanaoulizana saa kwa Kiingereza kilichotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kijerumani. Watazamaji hucheka, na ni halali yao. Mzee ni Ludwig Stössel, aliyetiwa ndani mara kadhaa Austria baada ya Hitler kuichukua mwaka 1938 kabla hajafanikiwa kutoroka. Mkewe ni Ilka Grünig, aliyezaliwa Vienna na kuwa mwalimu mashuhuri wa uigizaji Berlin. Fikiria mwalimu wa lafudhi na matamshi, katika umri wa miaka 65, analipwa kwa sababu Kiingereza chake kinasikika vibaya.

Kijana wa Bulgaria anayejaribu bahati yake kwenye kamari ili yeye na mkewe wapate fedha za viza ni Helmut Dantine. Alikuwa katika harakati za vijana dhidi ya Wanazi mjini Vienna na alifungwa miezi kadhaa kambini. Mhudumu mkuu mnene, Carl, anayechekesha kila akitokea, ni S.Z. Sakall, Myahudi wa Hungaria. Nafasi yake ilikuwa ndogo akasitasita kuichukua, akashikilia mpaka akahakikishiwa wiki tatu za kazi. Dada zake watatu waliuawa kambini. Mwizi wa mifukoni, Curt Bois, alianza kuonekana kwenye filamu Berlin tangu utotoni, mwaka 1907, na aliondoka baada ya Hitler kushika madaraka.

Mwanzoni kabisa kuna mtu anayesimamishwa na polisi, hati zake zimepitwa na muda, anakimbia na kupigwa risasi. Huyo ni Wolfgang Zilzer. Alilelewa Ujerumani na kufanya kazi huko, na alipoamua kuondoka ndipo alipogundua kwamba alizaliwa Cincinnati wazazi wake wakiwa kwenye ziara ya maigizo, kwa hiyo yeye ni raia wa Marekani. Katika filamu karatasi ndizo zinazomuua. Maishani karatasi ndizo zilizomwokoa. Mwanamke anayeuza almasi kwa bei ya kutupa ni Lotte Palfi, aliyekuja kuwa mke wa Zilzer.

Na Wanazi je? Hapa pananiuma kila mara. Mtu mwenye lafudhi ya Kijerumani Hollywood mwaka 1942 alikuwa na kazi moja tu ya uhakika, nayo ilikuwa kuvaa sare ya waliomfukuza. Richard Ryen, anayemfuata kila mahali Meja Strasser, yule meja wa Kinazi wa Veidt, alikuwa Myahudi aliyeondolewa kwenye kazi yake ya tamthilia Munich. Veidt hakuwa Myahudi, mkewe alikuwa. Alikuwa nyota mkubwa wa filamu za Ujerumani na angeweza kubaki akala raha. Akaondoka naye mwaka 1933. Alipokuwa Uingereza alimtetea Paul Henreid, raia wa Austria, asihesabiwe kuwa adui wa nchi. Miaka michache baadaye wawili hao wakakutana mbele ya kamera, Henreid akiwa Victor Laszlo, na Veidt akiwa Mnazi anayemwinda. Veidt aliigiza ubaya ule bila kuupamba, kwa sababu alitaka watu waujue ulivyo. Alifariki Aprili 1943 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 50, vita bado vinaendelea.

Kumbuka pia kwamba tangu Machi 1942 wageni wenye uraia wa Ujerumani kwenye pwani ile ya magharibi walikuwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku, kuanzia saa mbili. Wamarekani waliwahesabu kuwa watu wa adui, wakati adui mwenyewe alikuwa anawasaka.

Basi sasa iweke sehemu ya wimbo mahali pake. Maofisa wa Kijerumani wamezunguka piano wanaimba wimbo wao wa kizalendo. Studio ilitaka waimbe wimbo wa chama cha Kinazi, lakini haki za wimbo ule zilikuwa za mchapishaji wa Kijerumani na kulikuwa na hofu ya matatizo katika nchi zisizofungamana, hivyo wakachagua Die Wacht am Rhein. Laszlo anatoka ghorofani, anaiendea bendi, anaagiza La Marseillaise, ule wimbo wa taifa wa Ufaransa. Bendi inamtazama Rick. Rick anaitikia kwa kichwa.

Walioinuka kuimba ukumbini mle walikuwa nusu yao hawajui ndugu zao wako hai au la. Paris ilikuwa bado imekaliwa. Hakuna aliyejua vita vitaishaje. Sisi tunajua, wao hawakujua, na hilo linaonekana usoni mwao. Dan Seymour, Mmarekani aliyeigiza bawabu wa mlangoni, alisimulia baadaye kwamba aliinua macho akaona nusu ya wenzake wanalia, ndipo akatambua ghafla kuwa wote wale ni wakimbizi wa kweli. Kamera inamkaribia Lebeau, uso umelowa. Yule binti alikuwa ameiacha Paris miaka miwili tu iliyopita.

Umeniuliza kama walikuwa hodari. Walikuwa hodari sana, wengi wao kuliko nafasi walizopewa. Lakini uhodari peke yake haufanyi hivi. Wallis angeweza kujaza baa ile na waigizaji wa ziada wa kawaida wa Hollywood, wakavalishwa kofia za Kifaransa, kazi ikaenda. Aliwaweka watu hawa hata kwenye nafasi za sekunde ishirini, na Curtiz, Myahudi wa Budapest, alijua anawaelekeza kina nani. Mimi nikiandaa usaili sasa, nafasi ndogo ndizo ninazozimalizia siku nzima. Mwigizaji mkuu atabebwa na skripti. Muuza almasi mwenye sentensi mbili hana kitu cha kumbeba isipokuwa alichokuja nacho.

Jambo la mwisho kuhusu maandalizi yako. Usiwaambie wanafunzi mwisho wake kabla, maana Bergman mwenyewe alicheza muda mrefu bila kuambiwa Ilsa ataondoka na nani. Na usitegemee orodha ya majina ya mwanzo. Dalio hayumo, wala Stössel, Grünig, Dantine, Ryen, Zilzer na Palfi. Waandike ubaoni hao saba, kila mmoja na mhusika wake, kabla hujazima taa.